Subjonctif imparfait inapokukatalia: dalili, chanzo na dawa

"Shikamoo mwalimu. Hapa nimekosea wapi?" Chini ya ujumbe huo wa WhatsApp kulikuwa na picha ya ukurasa wa daftari. Kijana alitakiwa kunyumbua kitenzi cha Kifaransa venir (kuja) kwa subjonctif imparfait, na alikuwa ameandika hivi:

que je venasse
que tu venasses
qu'il venasse
que nous venassions
que vous venassiez
qu'ils venassent

Mwalimu wake wa shule alikuwa ameandika neno moja tu kwa wino mwekundu, "Non!", akafunga daftari. Hapo ndipo tabu ya subjonctif imparfait inapoanzia, yaani lile umbo la Kifaransa linalofanana na "aje" katika "nilitaka aje", ila la wakati uliopita. Anayekusahihisha anaona umekosea, ila hakuonyeshi ulipotelea wapi. Na katika mistari ile sita hakuna kosa moja. Yako mawili, hayana uhusiano, na kila moja lina dawa yake.

Mimi nafundisha Kifaransa jioni hapa Kigoma. Wanafunzi wangu wengi ni wenye shughuli zao Bujumbura au Kalemie, wakalimani, na vijana waliosoma ng'ambo ya ziwa wakarudi na madaftari yao. Makosa ninayoletewa yanajirudia mno, kiasi kwamba sasa nayapokea kama fundi baiskeli anavyopokea pancha: nauliza maswali mawili, naenda moja kwa moja penye tundu. Majina ya nyakati nayaacha kwa Kifaransa, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye jedwali lolote utakalofungua.

Kwanza, mtambo ukiwa mzima

Usianzie kwenye infinitifu, yaani kitenzi kabla hakijanyumbuliwa. Anzia kwenye passé simple, wakati uliopita wa vitabuni, nafsi ya pili umoja, yaani ile ya tu. Ichukue kama ilivyo, ongeza -se, tayari una nafsi ya kwanza. Tu parlas inazaa que je parlasse. Tu finis inazaa que je finisse. Tu voulus, que je voulusse. Tu vins, que je vinsse. Hata vile vitenzi viwili vinavyovunja kila kanuni, être na avoir, vinatii hapa: tu fus inatoa que je fusse, tu eus inatoa que j'eusse.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Nafsi nyingine zinapokea -ses, -sions, -siez, -sent. Aliyejitenga ni mmoja, il, nafsi ya tatu umoja. Yeye hana -sse hata kidogo. Irabu yake inavaa kofia, ile alama ya ^, kisha inafuata t: qu'il parlât, qu'il finît, qu'il voulût, qu'il vînt.

Lugha nzima ina irabu nne tu za kubebea umbo hili: a, i, u, na in. A ni ya vitenzi vyote vya -er, pamoja na aller (tu allas, que j'allasse). In ni ya venir na tenir na watoto wao wote, kama revenir, devenir, obtenir, soutenir. Vitenzi vilivyobaki vimegawana i na u, na msiba karibu wote umelala hapo.

Sasa rudi kwenye daftari la kijana. Alikata ven- kutoka venir, akaibandika -asse aliyoizoea kwenye parler. Hilo kosa la kwanza. La pili ni qu'il venasse, ambalo lingebaki kosa hata kama mzizi ungekuwa sahihi. Ilitakiwa: vinsse, vinsses, vînt, vinssions, vinssiez, vinssent.

Dalili: umeandika voulasse, prenasse, voyasse

Kila kitu kwako kina -asse. Chanzo ni kwamba umejifunza mfano mmoja, wa parler, ukaufanya ufunguo wa nyumba zote. Dawa ni kuuliza swali moja kabla kalamu haijagusa karatasi: passé simple ya tu ni ipi? Tu voulus. Tu pris. Tu vis. Kwa hiyo voulusse, prisse, visse.

"Lakini passé simple yenyewe siijui." Ninalisikia hili kila wiki. Basi tatizo lako si subjonctif imparfait; tatizo lako ni passé simple, na hakuna namna ya kulizunguka. Kuna njia ya mkato ambayo watu huipenda, ya kutazama participe passé (umbo linalokaa baada ya kitenzi kisaidizi), na mimi siipingi, mradi ujue inapokutupa.

Inafanya kazi hivi. Vouloir, participe ni voulu, ukipata voulusse umepatia. Pu inatoa pusse, su inatoa susse, bu busse, lu lusse, connu connusse, couru courusse, vécu vécusse, reçu reçusse. Pris inatoa prisse, mis inatoa misse. Hadi hapa unajiona bingwa.

Halafu unafika kwa vendre. Participe ni vendu, unaandika vendusse kwa raha zako, na hakuna kitu kama hicho. Ni vendisse. Kundi zima la vendre lina u kwenye participe na i kwenye passé simple: perdre, répondre, attendre, rompre, battre. Voir naye ni hivyohivyo, vu lakini visse. Tenir ana tenu, lakini tinsse. Halafu wapo ambao participe yao haikuambii lolote: naître (né, lakini naquisse), mourir (mort, lakini mourusse), faire (fait, lakini fisse), écrire (écrit, lakini écrivisse), ouvrir (ouvert, lakini ouvrisse), craindre (craint, lakini craignisse), conduire (conduit, lakini conduisisse). Hiyo ya mwisho watu huiandika conduisse, wakidhani -si- imejirudia kwa bahati mbaya. Haijajirudia. Ni tu conduisis, ongeza -se.

Vitenzi vya -oir karibu vyote ni u. Vinavyokaidi ni voir na jamaa zake kama revoir na prévoir, pamoja na asseoir (tu assis, que j'assisse). Na pourvoir, ingawa amebeba voir mgongoni, amerudi kwenye u: pourvusse. Usiniulize kwa nini. Mimi niliikariri tu.

Mtego mmoja ambao nimeuona ukiwanasa hata wenye alama nzuri ni ule wa neno vis. Tu vis ni passé simple ya voir, na pia ni wakati uliopo wa vivre, "unaishi". Mwanafunzi anatafuta vivre, anakutana na tu vis, anaandika que je visse, na sentensi yake inageuka kutoka "niishi" kuwa "nione". Vivre, passé simple yake ni tu vécus.

Dalili: umeona -sse ukadhani umefika

Hili linawakuta wasomaji zaidi ya waandishi. Unakutana na qu'il fasse kwenye gazeti, unasema aa, hii hapa subjonctif imparfait. Siyo. Fasse ni subjonctif présent ya faire. Imparfait yake ni fisse. Puisse ni ya sasa, ya kale ni pusse. Connaisse ya sasa, connusse ya kale. Naisse na naquisse. Paraisse na parusse. S mbili zinapatikana kwenye subjonctif présent za vitenzi vingi, wala haziwi ushahidi wa chochote. Tazama irabu iliyo mbele ya hizo s: je, ndiyo ya passé simple? Faire ana tu fis, kwa hiyo i. Ukiona a, toka.

Kundi la finir limeamua kututesa kwa namna yake. Kwa vitenzi hivi, subjonctif présent na imparfait zinafanana herufi kwa herufi: que je finisse, que tu finisses, que nous finissions, que vous finissiez, qu'ils finissent. Tofauti iko sehemu moja pekee, kwa il: qu'il finisse ni ya sasa, qu'il finît ni ya kale. Kwa hiyo ukiulizwa que nous choisissions ni wakati gani, usijione mjinga kwa kushindwa. Jibu liko kwenye kitenzi kikuu cha sentensi, si kwenye neno lenyewe.

Dalili: masikio yako hayatofautishi fisse na fusse

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna ile sauti ya u ya Kifaransa. Tunaitamka ama u yetu ya kawaida, ama i. Sauti yenyewe ni midomo ya u na ulimi wa i: jiandae kupiga mluzi, kisha sema i bila kulegeza midomo. Ukiikosa, fusse (ya être) na fisse (ya faire) zinakuwa neno moja kinywani mwako, na baada ya muda zinakuwa neno moja hata kwenye daftari.

Kuna siku mwanafunzi alisoma kwa sauti, mbele ya darasa lenye watu wazima waliotulia, sentensi yenye que je pusse, "niweze". U yake ikateleza ikawa i. Aliyoisema, kwa Kifaransa, ni "nikojoe". Waliotoka Bukavu waliinama chini ya meza. Tangu siku hiyo hakuna mtu darasani humo aliyekosea irabu ya pouvoir, kwa hiyo siwezi kusema tulipata hasara.

Dalili: que je dise, hali ulitaka que je disse

S moja na s mbili si mapambo. S moja katikati ya irabu mbili Kifaransa huitamka z. Que je dise ni subjonctif présent ya dire, yenye z. Que je disse ni imparfait, yenye s kavu. Ukiandika parlasions kwa s moja, umetengeneza neno lisilokuwepo. Ukiandika que nous fusions badala ya fussions, umeandika neno lililopo kweli, la kuyeyushana na kuungana. Hesabu s zako. Ni mbili daima, isipokuwa kwa il ambaye hana hata moja.

Dalili: il anakusumbua kila mara

Hapa nakaa, maana hapa ndipo penye faida. Ukifungua riwaya ya Kifaransa, subjonctif imparfait utakazokutana nazo nyingi sana ni za nafsi ya tatu umoja: fût, eût, vînt, pût, fît, dût. Hizi nyingine za -assions unaweza kusoma kurasa nyingi usizione. Kwa hiyo anayekosea il amekosea kitu chenyewe.

Makosa yako matatu. Kuna anayeandika qu'il parlasse kwa sababu anafuata mkondo wa nafsi nyingine. Kuna anayeandika qu'il parlat bila kofia. Na kuna anayeisambaza kofia kila mahali, que nous parlâssions. Huyu wa tatu namhurumia, kwa sababu ana kumbukumbu nzuri iliyokosa mahali. Kwenye passé simple kofia huvaliwa na nous na vous: nous parlâmes, vous parlâtes. Kwenye subjonctif imparfait huvaliwa na il tu. Kofia imehama kichwa.

Kwa nini kofia? Ni kaburi la s. Kifaransa cha kale kiliandika chantast, s ikaacha kutamkwa, na baadaye maandishi yakaifuta na kuweka alama mahali ilipokuwa. Kamusi ya Akademi ya Kifaransa ya mwaka 1740 ndiyo iliyofanya usafi huo kwa maneno mengi kwa mpigo. Sisi tuna ushahidi mkononi: hospitali yetu bado ina s, Wafaransa wana hôpital yenye kofia. Kwa hiyo s haikupotea kwa il. Ipo juu ya irabu, imelala.

Mageuzi ya tahajia ya mwaka 1990 yaliruhusu watu waache kofia juu ya i na u katika maneno mengi. Wanafunzi wavivu wameisikia habari hiyo na wanaitumia kama kinga. Haiwasaidii: umbo hili lilitajwa waziwazi miongoni mwa yale yanayobaki na kofia. Sababu iko wazi ukiweka maneno mawili pamoja. Fut na fût zinatamkwa sawa, eut na eût sawa, vint na vînt sawa. Jicho likinyimwa kofia, halina kingine cha kushika.

Basi utajuaje kama hapa ni fut au fût? Ihamishe sentensi nzima kwenye wakati uliopo. Bien qu'il fût malade, il partit ("ingawa alikuwa mgonjwa, aliondoka") ukiihamisha inakuwa bien qu'il soit malade, il part. Imekuja soit, ambayo ni subjonctif, kwa hiyo kofia inahitajika. Il fut malade ukiihamisha inakuwa il est malade. Imekuja est, kwa hiyo vua kofia.

Wengi hukwama kwenye avant que na après que, na Wafaransa wenyewe hukwama humo. Hapa Kiswahili kinatupa msaada ambao Mfaransa hana. Sisi tunasema "kabla hajaondoka", tukitumia -ja- ya kukanusha, kwa sababu wakati huo tendo halijatokea. Hatusemi "kabla aliondoka". Lakini baada ya tendo, limekwisha kutokea, hakuna cha kukanusha. Kifaransa kinawaza vivyo hivyo: avant qu'il partît, tendo halijatokea, subjonktifu, kofia, après qu'il fut parti, tendo limetokea, hakuna subjonktifu, hakuna kofia. Ukisita, tafsiri moyoni. Ukipata "hajaondoka", vaa. Ukipata "alipokwisha kuondoka", vua. Après qu'il eût fini, yenye kofia, utaiona hata kwenye maandishi ya watu wenye heshima zao. Ni kosa.

Kipo pia eût ambacho hakifuati que yoyote. Il eût été content. Hii si "alikuwa", ni "angalifurahi". Wasomi wa sarufi huiita namna ya pili ya conditionnel passé. Kipimo ni kuweka aurait mahali pake: il aurait été content. Ikikaa, kofia ipo. Na mimi huifananisha na -ngali- yetu. Mtaani wengi wetu tunatumia -nge- kwa yote, "angejua angekuja", na -ngali- tumeiachia vitabu. Eût nayo imeachiwa vitabu kwa namna hiyohiyo.

Ukikuta eût au fût imetangulia mtenda, usihangaike kutafuta alama ya kuuliza. Dût-il en mourir ni "hata kama ingebidi afe". Ne fût-ce qu'un jour ni "japo siku moja tu". Plût au ciel ni "laiti". Plût hapo ni ya plaire, kupendeza, yaani "ingelipendeza mbingu". Usiichanganye na pleuvoir, kunyesha, ambayo kwa bahati mbaya ina plût ileile.

Dalili ndogondogo za tahajia

Manger na commencer: kwa kuwa irabu ni a katika nafsi zote sita, e ya mangeasse na mkia wa ç katika commençasse havitoki hata mara moja. Recevoir na jamaa zake vina ç kwa sababu ya u: reçusse, reçût. Devoir ana dû yenye kofia kwenye participe, lakini dusse haina. Kofia inarudi kwa dût peke yake. Haïr ana nukta mbili ambazo hazikubali kupisha kofia, kwa hiyo qu'il haït. Na fonder (kuasisi) anatoa fondasse huku fondre (kuyeyuka) akitoa fondisse. Irabu moja, na chama kilichoasisiwa kinayeyuka.

Dalili: jedwali lina nafasi tupu

Kitabu hakijachapwa vibaya. Kitenzi kisicho na passé simple hakina pa kuzalia subjonctif imparfait. Traire, kukamua maziwa, hakina. Na pamoja nacho extraire, soustraire, distraire. Clore hakina. Paître, kulisha kwa maana ya ng'ombe kula malisho, hakina. Mfugaji kwa Kifaransa hawezi kusema alitaka mtu akamue ng'ombe kwa umbo hili bila kuazima kitenzi kingine. Falloir kina kimoja tu, qu'il fallût, maana hakina nafsi nyingine.

Dalili: umbo unalijua, hujui lini litumike

Sasa tumefika kwenye chanzo kikuu cha ugeni wa jambo hili kwetu. Sema: nataka aje. Sasa sema: nilitaka aje. "Aje" haikubadilika. Ile -e ya mwisho, ambayo ndiyo subjonktifu yetu, haijali kama kutaka kulikuwa jana au leo. Kifaransa cha kanuni za zamani kinajali: je veux qu'il vienne, lakini je voulais qu'il vînt. Kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, au cha conditionnel kama je voudrais ("ningependa"), kinachofuata que kinarudi nyuma pamoja nacho.

Kifaransa cha leo, mdomoni na katika maandishi ya kawaida, kimeacha desturi hiyo na kusema je voulais qu'il vienne. Yaani kimefika pale "nilitaka aje" yetu ilipokuwa siku zote. Na si uhuni wa mtaani. Amri ya wizara ya elimu ya Ufaransa ya tarehe 26 Februari 1901 ilikubali kwenye mitihani subjonctif présent baada ya conditionnel, na ile ya tarehe 28 Desemba 1976 ikaikubali hata baada ya wakati uliopita. Kwa hiyo ukiandika il fallait qu'il parte, hujakosea. Ila ukiambiwa "geuza kwa subjonctif imparfait", swali halikuulizi Wafaransa wanasemaje. Linataka qu'il partît.

Kama tendo la pili lilikwisha kutokea kabla ya la kwanza, tumia umbo la maneno mawili: je craignais qu'il ne fût parti, "niliogopa ameshaondoka". Anayenyumbuliwa ni kitenzi kisaidizi tu, être au avoir. Fusse na eusse zikikukaa kichwani, upande huu wote umeumaliza.

Dalili: umepatia kila kitu, na bado wanacheka

Binti mmoja, mhasibu, aliniletea barua ya kuomba kazi aliyokuwa ameshaituma Bujumbura. Alikuwa ameandika je souhaiterais que vous m'accordassiez un entretien, "ningependa mnipe nafasi ya mahojiano". Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa. Hakuna. Conditionnel ipo, irabu a ipo, s mbili zipo. Waliompigia simu walimpa mahojiano, lakini aliyepiga alimuuliza, kwa upole wa kuudhi, kama barua ilikuwa imeandikwa na babu yake.

Chanzo hapa si sarufi, ni sikio. Fût, eût na vînt ni fupi, hupita kwenye maandishi bila kelele, na mwandishi wa leo anaweza kuziweka bila kuonekana anajikweza. Zile ndefu za nous na vous, hasa -assions na -assiez za kundi la -er, Mfaransa akizisikia anatabasamu, wala hawezi kujizuia. Wachekeshaji wamezitumia muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Katika barua ya kazi andika que vous m'accordiez, au ikwepe subjonktifu kabisa: je serais heureuse d'être reçue en entretien. Binti alipata kazi. Mpaka leo wenzake ofisini wakitaka kumwomba kitu wanamtania kwa -assiez.

Kijana wa venir nilimtumia haya kwa kifupi, sauti tatu za dakika mbili mbili. Jioni ikaja picha nyingine ya daftari, mwandiko safi, mistari sita: vinsse, vinsses, vint, vinssions, vinssiez, vinssent. Nikamrudishia emoji moja tu, ya kofia.